UZI: Kuku wangu 41 wamekufa asubuhi moja hapa Kisesa. Je, vitamini C na E zinaokoa kuku aliyekula sumu?

#1 Mfugaji_Kisesa

Wakuu, habari za jioni. Mikono bado inanuka chokaa, tumetoka kuzika kuku muda si mrefu. Nitaeleza yote kama yalivyotokea maana nahitaji msaada wa kweli.

Nafuga Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza ukielekea Magu. Nilikuwa na kuku chotara 118 wa miezi mitano, mitetea imeanza kutaga wiki mbili tu. Kideri wamechanjwa, gumboro wamechanjwa, ndui wamechanjwa. Jana jioni wamelala wazima kabisa. Leo saa moja asubuhi nikawapa chakula, nikaingia ndani kujiandaa. Haikufika saa mbili mke wangu akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Jogoo wangu mkubwa kuliko wote alikuwa amekalia visigino, mabawa yameanguka pembeni. Ute unamtoka mdomoni mrefu kama mlenda, unagusa mchanga. Anahema mdomo wazi, shingo kainyoosha mbele, mkia unapanda na kushuka kila anapovuta hewa. Chini yake kinyesi cha maji matupu. Nikamshika pajani, misuli inatetemeka ndani kwa ndani kama simu iliyowekwa mtetemo. Akafia mikononi mwangu. Wakati huo wengine kama kumi wameshalala ubavu wanapiga miguu.

Hadi saa sita mchana walikuwa 41. Na kitu kimoja kimenisumbua: waliotangulia kufa ni wale wenye afya, wababe wa kwenye chombo cha chakula. Wale wadogo wanaosukumwa pembeni ndio wamebaki.

Nilikimbia duka la dawa za mifugo. Muuzaji akanipa pakiti ya vitamini, akasema "hii ina C na E, zinaondoa sumu mwilini, wape kwenye maji." Nimewapa. Jioni hii waliobaki 77 wengi wanasimama na kunywa.

Maswali yangu. Hii ni sumu au kideri kimerudi? Na kama ni sumu, ni vitamini zilizowaokoa hawa 77? Jirani yangu alipiga dawa nyanya zake jana, lakini sitaki kumtaja mtu vibaya kabla sijajua.

#2 Bibi_Bwiru

Pole sana mwanangu. Kuku wanaoanza kutaga wanauma kuliko vifaranga, umeshawalisha miezi yote hiyo. Mungu akutie nguvu wewe na mkeo.

#3 Kamanda_Igoma

Mkuu hicho ni kideri tu. Chanjo ikikaa nje ya ubaridi inakufa, unakuwa umechanja maji. Mimi nilipoteza 60 hivyohivyo.

#4 Daktari_wa_Buchosa

Pole sana ndugu. Mimi ni mtaalamu wa mifugo, nipo huku Sengerema. Kabla hatujaenda mbali nijibu haya:

Asubuhi waliwekewa chakula gani hasa, na kilitofautiana na cha jana? Uliwapasua wangapi, na gole (mfuko wa chakula chini ya shingo) lilikuwa tupu au limejaa? Kuna waliopinda shingo au kuharisha kijani siku za nyuma? Na wote walianza ndani ya saa moja, au mmoja leo wengine kesho?

Kamanda, nakuelewa, lakini kideri hakiui 41 kati ya chakula cha asubuhi na saa sita. Kinaanza na wachache, wanazubaa, hawali, kesho yake wanaongezeka. Kuku wa kideri anakufa gole likiwa halina kitu kwa sababu ameshaacha kula. Anayekufa na gole limejaa, na aliyekula sana akatangulia, mtazame chakula kwanza.

#5 Mfugaji_Kisesa

Shikamoo daktari, asante kwa kunijibu. Niliwapasua watatu kabla ya kuzika. Magole yamejaa pomoni, mahindi yaliyopasuka na pumba, na ndani kuna unga mweupe wa kijivu umeshikamana na punje. Shingo zilikuwa sawa. Wote walianza ndani ya saa moja.

Swali la chakula nimelijibu huku natetemeka. Pumba ya kununua ilikaribia kuisha jana. Asubuhi nilikwenda kwenye pipa la mahindi ya mwaka jana, yale yaliyohifadhiwa kwa dawa ya unga. Juu tulishamaliza sisi wenyewe kwa ugali, tunayaosha kwanza. Kwa kuku nikakwangua yaliyobaki chini, chenga na vumbi lake, nikachanganya na pumba kidogo iliyokuwepo. Kuku hawachagui, ndivyo nilivyowaza.

Kwa hiyo si jirani. Ni mimi.

#6 Daktari_wa_Buchosa

Marhaba. Usijihukumu, ndugu yangu. Nimeshaitwa kwenye kaya nyingi kwa jambo hilihili, na karibu kila mara ni vumbi la chini ya ghala, la gunia au la pipa.

Dawa nyingi za unga za kuhifadhia mahindi hapa kwetu ni mchanganyiko wa pirimifosi-methili na pamethrini. Kipimo cha kawaida ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Ikichanganywa vizuri, kila punje inabeba kidogo sana. Lakini unga ni mwepesi na punje zinasuguana kila mnapochota. Miezi inapita, unga unachuja kuelekea chini. Ukifika kwenye sakafu ya pipa hukwangui tena mahindi yenye dawa, unakwangua dawa yenye chenga. Na familia nyingi huongeza pakiti ya pili wakiona dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi.

Pirimifosi-methili ni ya jamii ya oganofosfati, ambayo ndani yake wapo pia klopirifosi, daimethoeti na diazinoni. Zinafanya kazi hivi. Neva ikitaka msuli ukaze, inamwaga kemikali inayoitwa asetilikolini. Msuli ukishakaza, kuna kimeng'enya, kolinesterasi, kinafagia hiyo kemikali ili msuli ulegee. Oganofosfati inakikamata huyo mfagizi na kumfunga mikono. Kemikali inajaa, ujumbe haukomi. Tezi za mate zinaambiwa "toa, toa," utumbo unaambiwa "sukuma," misuli inatetemeka hadi inachoka, na ile ya kupumua inagoma. Ulichokieleza kwenye bandiko la kwanza ni hicho hatua kwa hatua.

Ndege wanaumia zaidi kuliko ng'ombe au mbuzi. Damu yao ina upungufu mkubwa wa vimeng'enya vinavyovunja oganofosfati kabla haijafika kwenye neva. Ndiyo maana mtu anasema "mbuzi walikula hayohayo hawakufa." Anasema kweli, na bado kuku wake wamekufa kwa sumu.

Ukitaka uhakika wa maabara, ungehifadhi kichwa kizima, ini na vilivyomo goleni kwenye barafu, kila kimoja chombo chake, pamoja na kilo ya chakula chenyewe. Ubongo hupimwa kiwango cha kolinesterasi. Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo hapa Mwanza, uliza hapo kwanza kipimo gani wanafanya na kipi kinapelekwa mbali. Kwa sasa ushahidi wa gole unanitosha.

Suala la vitamini nakuja nalo, naenda kumzalisha ng'ombe wa mtu.

#7 Mama_Vifaranga_Buswelu

Daktari ukirudi naomba na hili. Bibi yangu alikuwa anawanywesha maziwa kuku wakila sumu. Wengine wanasaga mkaa wa jikoni. Vinasaidia?

#8 Kamanda_Igoma

Nafuta kauli yangu ya kideri. Mtoa mada pole sana mkuu, sikujua hilo la gole.

#9 Daktari_wa_Buchosa

Nimerudi, ndama mzima na mama yake mzima.

Mama Vifaranga, maziwa sishauri. Sumu nyingi za wadudu zinapenda mafuta, na mafuta ya maziwa au ya kupikia yanaweza kuzirahisishia kupita utumboni. Mkaa wa jikoni si sawa na ule mkaa maalumu wa dawa, ambao umetengenezwa uwe na vitundu vingi mno vya kunasa sumu. Ule maalumu mtaalamu anaupa kwa mrija mapema, sumu ikiwa bado goleni. Kuku hatapiki kirahisi, kwa hiyo kilichomo goleni mara nyingi kitateremka tu.

Sasa vitamini.

Kuna dawa hasa ya oganofosfati. Atropini ni sindano inayowafanya tezi na mapafu wasisikie kelele za asetilikolini: ute unakauka, hewa inapita. Haiondoi kutetemeka na haimfungui yule mfagizi. Pralidoksimi ndiyo inayomfungua, na ni lazima iwahi kabla kifungo hakijakomaa. Kwa mfugaji wa kuku 118 asubuhi moja, kusema kweli, hizi dawa hufika wakati wengi wameshakufa. Vitamini C haimo kwenye kazi hii. Vitamini E haimo. Hazimfungui mfagizi hata mmoja.

Hawa 77 wameokoka kwa sababu walikula kidogo, na kwa sababu chombo cha chakula kiliondolewa. Mwili wao unatengeneza kimeng'enya kipya siku baada ya siku.

Naona shida imeanzia kwenye neno. Vitamini hizi ni vizuia oksidishaji, yaani zinazuia seli zisiunguzwe. Mtaani tumeziita "viondoa sumu," jina tamu na rahisi kuuza, na mfugaji mwenye kuku anayekufa akilisikia anaelewa kwamba sumu itatoka. Muuzaji wako sidhani alikudanganya, naye ameambiwa hivyohivyo.

Lakini msizitupe, kwa sababu kuna sehemu zinafanya kazi nzuri kweli. Oganofosfati ikishughulikiwa na ini inazalisha pia vipande vya kemikali vyenye hasira, radikali huru. Zinaunguza mafuta ya kuta za seli kama cheche zinazoruka kutoka jiko la mkaa na kutoboa kanga. Ini, figo, ubongo na mbegu za jogoo vinaumia hata kama kuku hakuanguka. Vitamini E inakaa ndani ya mafuta ya ukuta wa seli, inaipokea cheche na kuizima. Ikishaipokea imechoka, na vitamini C, inayokaa upande wa maji, inaipokea mzigo na kuirudisha kazini. Kwa hiyo zikiwa pamoja zinafanya zaidi ya moja peke yake.

Majaribio mengi yamefanywa kwa panya na kwa kuku wanaopewa klopirifosi na jamaa zake kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Waliopewa vitamini C au E mara nyingi huonyesha uharibifu mdogo wa ini, mafuta machache ya seli yaliyoungua, na uzito mzuri kuliko waliopewa sumu peke yake. Mara nyingi hawafikii hali ya wale ambao hawakuonja sumu kabisa. Tena angalieni mpangilio: vitamini ilitolewa kabla ya sumu au sambamba nayo. Haikutolewa kwa kuku aliyekwisha kulala ubavu anatoa ute.

Wavuvi mtanielewa nikisema hivi. Mtumbwi umetoboka katikati ya ziwa. Vitamini ni yule anayechota maji na kopo kuyamwaga nje. Ni mtu muhimu sana, bila yeye mnazama mapema. Ila tundu hajaliziba.

Mtoa mada, endelea nazo siku tano hadi saba kwa hawa waliobaki, maini yao yanahitaji. Changanya asubuhi kwenye ndoo ya plastiki, iweke kivulini, jioni mwaga kilichobaki. Vitamini C inaharibika haraka kwenye maji, na jua, kutu na klorini ya bomba vinaiharakisha. Usizidishe kipimo cha pakiti ukidhani zaidi ni bora, vitamini E ikizidi sana inawanyima kuku vitamini A, D na K.

#10 Bustani_Igombe

Nimesoma yote hadi hapa. Mimi nalima mchicha, sukuma wiki na nyanya kandokando ya ziwa, na kuku wa majirani wanaingia kila siku. Tangu kantangaze aingie kwenye nyanya, halafu 2017 wakaja viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, tunapiga dawa mara nyingi kuliko wazazi wetu walivyopiga. Mwezi wa pili nilipiga dawa ya jamii ya pairethroidi, kuku wakaingia na hawakufa. Kwa hiyo nilijua dawa zangu ni salama kwa kuku. Kumbe?

#11 Daktari_wa_Buchosa

Kaka, pairethroidi ndege wanazivumilia vizuri kiasi. Samaki ndio hawazivumilii hata chembe. Bomba la kupulizia ulilosuuza ziwani haliui kuku wa jirani, linaua vifaranga vya sato kwenye matete. Suuza shambani, maji hayo yanyunyizie hapohapo kwenye mazao.

Ila usipime usalama kwa tukio moja. Msimu ujao ukibadilisha kopo ukachukua oganofosfati, kuku walewale wataingia kwenye mchicha uleule. Soma jina la kiambato, si jina kubwa la mbele, na angalia mstari wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni kali kuliko zote. Na dawa za chembechembe za kufukiwa ardhini zenye kabofurani mziogope mno, ndege anaona chembe anadhani ni punje au changarawe ya firigisi.

#12 Mzee_wa_Kayenze

Wanangu, mwangaluka. Nawakumbusha wadogo. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa letu kwa sababu watu walikuwa wanavua kwa sumu za shambani. Wavuvi waliokuwa hawajawahi kugusa sumu walikaa na nyavu nyumbani, mimi mmojawapo, na watoto walirudishwa shule kwa ada. Wale kuku mmezika? Msithubutu kuwatupa ziwani wala kuwapa mbwa.

#13 Mfugaji_Kisesa

Marhaba mzee, samahani nimekosea, shikamoo. Tumezika shimo la urefu wa mtu, mbali na kisima, tukamwaga chokaa. Kulikuwa na vijana waliniomba wawachukue wakanyonyoe, wananiambia "mzee kuku si kuku tu, tukiwachemsha sana inaisha." Niliwakatalia, mmoja akanuna. Mke wangu alisimama shimoni mpaka udongo wa mwisho ukashindiliwa, kwa hofu wasije wakafukua usiku.

#14 Daktari_wa_Buchosa

Mlifanya vizuri sana, mpe mama pongezi zangu. Gole na utumbo vina sumu yenyewe, na mchuzi si dawa. Na mayai ya hawa 77 usiyauze wala kuyala kwa sasa, vunja ufukie. Tutakubaliana muda nikija kuwaona, nitapita Kisesa Alhamisi.

#15 Mama_Vifaranga_Buswelu

Daktari usichoke. Vifaranga vyangu vya wiki tatu vinaanguka, vinarudisha kichwa nyuma, miguu inapiga hewani. Vina hamu ya kula. Nimechanja kideri. Dawa yoyote sijapiga. Chakula nachanganya mwenyewe, pumba ya mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa. Nayo ni sumu?

#16 Daktari_wa_Buchosa

Mama, dagaa wako wananukaje?

#17 Mama_Vifaranga_Buswelu

Wa bei rahisi, waliponyeshewa wakianikwa. Wamekuwa na rangi ya kahawia, mafuta yake yanawasha koo ukinusa karibu.

#18 Daktari_wa_Buchosa

Hapo sasa vitamini E inakuwa dawa kamili, si msaidizi. Mafuta ya dagaa yakichacha yanaiunguza vitamini E yote iliyomo kwenye chakula kabla kifaranga hajaimeza. Kifaranga wa wiki mbili hadi nne akiikosa, ubongo wa nyuma unavimba na kulainika, anaanguka na kurudisha kichwa kama ulivyoeleza. Wengi wanadhani ni kideri. Mahitaji yenyewe ni madogo, vipimo vya kimataifa (IU) 10 hivi kwa kilo ya chakula, lakini dagaa waliochacha wanaimaliza yote.

Acha hao dagaa leo hii. Vipe vitamini E yenye madini ya seleni kwa kipimo cha lebo, nunua dagaa wakavu wanaong'aa au badilisha na soya iliyokaangwa. Walioathirika kidogo watapona, waliolala kabisa huenda wasiamke. Majani mabichi yanasaidia, ila yachume pale ambapo una uhakika hapajapigwa dawa. Kuwapa kuku mchicha kwa ajili ya vitamini halafu mchicha wenyewe ukawa na klopirifosi ya jana, nimeliona hilo kwa macho yangu, inauma sana.

#19 Bustani_Igombe

Kuanzia wiki hii nikipiga dawa naweka kitambaa chekundu kwenye mti wa njiani na napita nyumba za jirani kuwaambia wafungie kuku siku zilizoandikwa kwenye lebo. Nimeanza jana. Bibi mmoja aliniuliza mbona miaka yote sikusema.

#20 Mfugaji_Kisesa

MREJESHO, siku ya 16.

Daktari alikuja Alhamisi kama alivyoahidi, akakataa nauli. Baada ya wale 41 wamekufa wengine watatu, siku ya pili na ya nne. Waliobaki ni 74. Wawili bado wanatembea kwa kuyumba, tunawawekea maji na chakula karibu.

Mayai yalisimama kabisa siku tisa. Tuliyavunja yote yaliyotangulia na tunaendelea kuvunja hadi tarehe aliyotupa. Jana nimeokota 11.

Lile pipa nililitoa nje. Nilikuwa nataka kulisafisha nitumie tena, daktari akaninyooshea kidole ukingo wa chini: unga ulikuwa umeganda pale unene wa kucha, mweupe, bado unanuka. Vumbi lililobaki tumelifukia, pipa nimelitoboa matundu kwa msumari wa moto ili asije mtu akalichukua kuwekea maji. Mahindi ya msimu huu nimeyaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, hayajaguswa na dawa yoyote, dumuzi wanakosa hewa wanakufa wenyewe.

Nilirudi pia kwa yule muuzaji wa dawa. Sikwenda kugombana. Nilimweleza la vitamini na la mfagizi, akanisikiliza, akatoa kalamu akaniuliza namba ya simu ya daktari.

Mama Vifaranga, vipi vile vifaranga?

#21 Mama_Vifaranga_Buswelu

Walikuwa 30. Wamekufa 8. Waliobaki 22 leo wanakimbizana na panzi uani.